Naombeni msaada: orodha ya wadi ifuate eneobunge kwenye Excel

Karani_Umoja:
Hamjambo wadau. Nasaidia kamati ya basari ya kanisa letu hapa Umoja, na fomu za wanafunzi zinatoka kila pembe ya Nairobi. Naziingiza kwenye Excel, safu A eneobunge, safu B wadi. Maeneobunge ni 17, hayo hayanisumbui. Wadi ni 85, na kila anayeingiza ana tahajia yake: Kwa Njenga, Kwanjenga, Mukuru kwa Njenga. Ukitaka kuhesabu waombaji wa wadi moja, hesabu haitoki.

Nataka nikichagua Kibra kwenye A2, B2 inipe Laini Saba, Lindi, Makina, Woodley na Sarang'ombe basi. Kila kundi la wadi nimelibandika jina la eneobunge lake, kisha kwenye Data Validation nikachagua List na kuweka =INDIRECT($A2), ili isome kundi lenye jina lililo A2. Kibra imekubali, Makadara pia. Embakasi Kusini orodha haifunguki, na Lang'ata Excel inalikataa jina lenyewe. Nifanyeje?

Fundi_Lahajedwali:
Jina la kundi halikubali nafasi wala ritifaa (alama ya '). Liite Embakasi_Kusini, halafu fomula igeuze nafasi kuwa _ hivi:
=INDIRECT(SUBSTITUTE($A2," ","_"))
Lang'ata iandike Langata.

Mama_Takwimu:
Itafanya kazi, lakini mimi nisingebadilisha jina la mahali kwa sababu ya Excel. Ndugu Karani, achana na majina ya makundi. Fungua shiti iitwayo Orodha: A eneobunge, B wadi, mistari 85 chini ya vichwa, na wadi za eneobunge moja zifuatane bila kuachana. Kwenye B2 ya fomu, pale pa List, weka:

=OFFSET(Orodha!$B$1,MATCH($A2,Orodha!$A:$A,0)-1,0,COUNTIF(Orodha!$A:$A,$A2),1)

MATCH inatafuta eneobunge linapoanzia, COUNTIF inahesabu lina wadi ngapi. Nafasi na ritifaa hazina shida tena. A2 ikiwa tupu Excel italalamika kwamba kuna hitilafu. Bofya Yes, uendelee. Na alama ya dola iwe mbele ya A peke yake. Ukiandika $A$2, mistari yote itafuata eneobunge la mstari wa kwanza.

Juma_wa_Data:
Kuna hatari hamjaitaja. Mtu akichagua Kibra, akaweka Lindi, kisha akarudi kubadilisha eneobunge kuwa Mathare, Lindi inabaki palepale. Excel haiikagui upya. Hata aliyenakili na kubandika anapita bila kuulizwa. Kwa basari hilo ni kubwa, maana mtoto anaweza kuhesabiwa wadi isiyo yake. Teua safu B kuanzia B2, nenda Conditional Formatting, weka rangi nyekundu kwa fomula hii, iwake wadi isipokuwa ya eneobunge hilo:

=AND($B2<>"",COUNTIFS(Orodha!$A:$A,$A2,Orodha!$B:$B,$B2)=0)

Njeri_K:
Mimi natumia Google Sheets. Hiyo OFFSET itakubali?

Mama_Takwimu:
Hapana dada. Huko orodha inataka seli, haipokei fomula. Chuja wadi kwa FILTER kwenye shiti ya pembeni, mstari kwa mstari, kisha orodha ielekeze huko.

Karani_Umoja:
Asanteni sana. Lang'ata inafunguka, Embakasi Kusini pia. Rangi nyekundu imeonyesha mwanafunzi wa Pipeline aliyewekwa Makadara. Nampigia mzazi wake nithibitishe kabla kamati haijakaa Jumamosi.