Mnaobandika "utajiri wa Samatta", hesabu hizo mmezitoa wapi?

Ndugu wanajamvi,

Nimechoshwa na makala zinazosambazwa kila dirisha la usajili zikitaja utajiri wa mshambuliaji wa Tanzania, Mbwana Samatta, hadi dola ya mwisho, bila mwandishi hata mmoja kueleza alikoupata. Kila ukurasa una kiasi chake, na kesho yake kiasi hicho kinanukuliwa vijiweni kana kwamba kimetoka kwa mhasibu wake.

Kinachoniudhi kuliko yote ni kuichukua ada ya uhamisho na kuitia mfukoni mwa mchezaji. Aston Villa ya Uingereza ilipomsajili kutoka Genk ya Ubelgiji Januari 2020, vyombo vya habari vya Uingereza vilitaja ada ya kati ya paundi milioni 8 na 10. Fedha hizo karibu zote ni za Genk. Stahili ya Samatta ilikuwa mshahara na marupurupu ya mkataba ambao haukuwekwa hadharani, maana hesabu za mwaka za klabu za Uingereza huonyesha jumla ya mishahara ya waajiriwa wote, si ya mchezaji mmoja mmoja. Hata tukiukubali huo "mshahara wa wiki" mnaoutaja, wakati ule mapato yaliyozidi paundi 150,000 kwa mwaka yalikatwa kodi ya asilimia 45. Ninyi mnazidisha kwa wiki 52, mnazidisha tena kwa miaka ya mkataba, kisha mnatangaza mabilioni, kana kwamba kodi haipo, wakala hadai chake na mchezaji mwenyewe hali wala havai.

Isitoshe, hiyo miaka ya Villa mnayoizidisha hakuicheza. Alifunga dhidi ya Bournemouth, akafunga Wembley katika fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City, na ilipofika Septemba 2020 alikuwa Fenerbahçe ya Uturuki kwa mkopo. Baadaye Waturuki wakamchukua moja kwa moja, wakampeleka kwa mkopo Antwerp, kisha Genk, kabla ya PAOK ya Ugiriki mwaka 2023 na Le Havre ya Ufaransa mwaka 2025. Katika mkopo, klabu mbili hukubaliana nani alipe mshahara na kwa kiasi gani. Nani kati yenu ameyaona makubaliano hayo?

Upotoshaji huu una waathirika. Mchezaji anayetangaziwa mabilioni akisema hana huitwa mchoyo na jamaa zake, na mzazi wa kijana mwenye kipaji hushawishika kumlipa dalali anayejiita wakala.

Yenye ushahidi mnayapita: mabao 7 katika Ligi ya Mabingwa Afrika ya 2015 akiwa na TP Mazembe ya Lubumbashi, Kongo, mabao 23 ya ligi msimu Genk ilipotwaa ubingwa wa Ubelgiji mwaka 2019, bao la kichwa Anfield, uwanja wa Liverpool, mwaka huohuo.

Kama ni fedha mnazozitaka, zipo zenye kanuni iliyoandikwa. FIFA inaagiza asilimia 5 ya ada ya uhamisho wa kimataifa igawiwe klabu zilizomlea mchezaji kuanzia miaka 12 hadi 23, na kila mwaka kuanzia ule anaotimiza miaka 16 una nusu asilimia ya ada nzima. Kwa uhamisho wa Villa, hata kwa makadirio ya chini, mwaka mmoja ni takribani paundi 40,000. Samatta alipita African Lyon na Simba kabla ya kwenda Lubumbashi. Nionyesheni makala moja iliyouliza klabu hizo zilidai nini na zikalipwa kiasi gani.