Ushauri wakuu: nimepata ndege ya Eaglerock ya 1928, injini yake ya OX-5 niibakishe au niweke nyingine?

fundi_mbawa: Wakuu habari zenu. Mimi ni fundi ndege niko Colorado, kuna mzee anauza Alexander Eaglerock ya 1928, ile ya mbawa juu na chini, imelala bandani miaka mingi, kitambaa cha kuifunika kimeisha imebaki fremu ya mabomba, mbao za mbawa na injini ya OX-5, nguvu farasi 90. Ziliundwa hukuhuku Colorado, J. Don Alexander alikuwa na kampuni ya filamu za matangazo ya sinema akataka mawakala wake wasafiri kwa ndege, mwisho akaamua kuunda zake, zikafika karibu 900, lakini leo ukiitaja hata marubani wanakuuliza ndo ndege gani hiyo. Roho inaniuma ioze pale. Niibakishe OX-5 au nifunge ya silinda zilizopangwa duara inayopozwa na hewa?

KipimaBomba: Mkuu injini baadaye. Chukua msumari wenye ncha uchome mabomba ya chini kuelekea mkiani, maji yanatuama huko na kutu inakula kwa ndani huku rangi iko safi. Mimi nilinunua fremu nyingine bila kuchoma, nikaja kukata bomba karibu lote la nyuma. Na gundi ya mbao, ikibanduka kwa kucha jua unaunda mbawa upya.

mama_propela: Bakisha OX-5 kaka. Zilikuwa masalia ya vita ya kwanza, ziliuzwa bei ya kutupa ndo maana ndege kama hizi zilinunulika. Ila ujue ina magneto moja (kile kifaa cha kuzalisha umeme wa cheche) na plagi moja kila silinda, ikizingua huna ya akiba, vali ziko nje unazipaka grisi kwa mkono, pampu ya maji nayo huvuja. Ruka juu ya mashamba, uwe na pa kutua.

Rubani wa Zamani: Ukibadili injini na uzito unahama, FAA (mamlaka ya anga ya Marekani) watataka michoro na mahesabu. Kibati cha namba ya ndege kipo? Halafu dawa ya kukazia kitambaa usiipake gereji iliyofungwa, kiwanda cha Eaglerock cha Englewood, Colorado, kiliungua Aprili 1928 kwa mvuke wa dawa hiyohiyo, wakafa watu 11.

fundi_mbawa: Asanteni sana. Nimerudi leo na msumari, umepenya sehemu mbili karibu na mkia, mbele kote kugumu. Kibati kipo, nimekifuta vumbi namba zinasomeka. Kesho nampelekea mzee advansi, OX-5 inabaki.