Mjadala: Anayejifunza Kiayalandi ughaibuni aanze na lugha sanifu au lahaja?

Mleta mada
Wadau, vitabu vingi vya kujifunzia Kiayalandi vinafuata An Caighdeán Oifigiúil, kanuni za tahajia na sarufi zilizotolewa na serikali mwaka 1958. Wenye lugha yao, wengi wakiwa pwani ya magharibi, wanasema lahaja: ya Munster kusini, ya Connacht magharibi, ya Ulster kaskazini. Aliyeko Toronto au Berlin, asiye na jirani wa kumsikiliza, aanzie wapi? Mimi nasema achague lahaja moja. Kanuni za 1958 hazikugusa matamshi, kwa hiyo anayezitegemea peke yake huziba pengo hilo kwa sauti za lugha aliyokulia.

Mpenda Sarufi
Napinga. Kamusi ya Ó Dónaill ya 1977 na nyaraka za Umoja wa Ulaya, ambako Kiayalandi ni lugha rasmi tangu 2007, zote zimeandikwa kwa tahajia sanifu. Na anayeanza tayari ana mzigo wa maneno yanayobadilika mwanzoni. Meza ni bord, lakini "juu ya meza" ni ar an mbord, na b hapo haisikiki kabisa, inasikika m. Asiyejua hutafuta mbord katika kamusi, hakuti kitu, anakata tamaa. Utaratibu ni huu: ukikuta mb, gc, nd, ng, bp au dt mwanzoni mwa neno, ondoa herufi ya kwanza; ukikuta bhf, ondoa bh; ukikuta konsonanti inafuatwa na h, ondoa h. Sasa mwongezee kwamba Ulster husema ar an bhord, na kwamba Munster husema chuireas pale wengine wanaposema chuir mé, "niliweka". Atafika wapi?

Sikio Kwanza
Mkuu, kanuni hizo hizo zinaruhusu zote mbili, mbord na bhord. Kuchagua lahaja ndiko kunakompunguzia mzigo, maana anashika moja na kuendelea.

Hatari kubwa ni sauti, hasa kwetu tuliozoea Kiswahili, ambako kila irabu iliyoandikwa hutamkwa. Katika Kiayalandi irabu nyingine ni alama tu. Kila konsonanti, isipokuwa chache kama h, ina sura mbili, nene na nyembamba, na irabu iliyo jirani ndiyo inayokuonyesha ipi. Bó ni ng'ombe, beo ni hai. Mswahili husoma beo kwa silabi mbili, "be-o", na hiyo si sahihi: ni silabi moja, b yake nyembamba ikitamkwa huku ulimi umepanda kuelekea kaakaa, kama py ya "mpya". Bád ni mashua moja, báid ni mashua nyingi, na tofauti yote iko katika d ya mwisho. Kule Donegal, katika Ulster, d hiyo nyembamba hukaribia j. Usipoisikia, umoja na wingi vinakupotea.

Tovuti ya teanglann.ie ina rekodi za maelfu ya maneno kwa lahaja zote tatu, zenye alama C, M na U. Chagua herufi moja na usiiache mwaka mzima. Maneno kumi kwa siku yanatosha: sikiliza, jirekodi kwa simu, linganisha.

Msomaji wa Visiwa
Nyote mmesahau kwamba swali linahusu pia fasihi. Vitabu vya wakazi wa kisiwa cha Great Blasket, vya miaka ya 1920 na 1930, ni Munster tupu. Riwaya ya Máirtín Ó Cadhain ya 1949, Cré na Cille, ni Kiayalandi tupu cha Connemara, huko Connacht, na karibu yote ni mazungumzo. Asiianze mtu wa mwaka wa kwanza. Akinunua chapa za zamani atakuta herufi za Kigaeli zenye nukta juu ya konsonanti. Nukta hiyo ndiyo h ya leo.

Tahadhari kwa mashairi: vitabu vya lugha mbili vinasaidia, lakini tafsiri za Paul Muldoon kwa mashairi ya Nuala Ní Dhomhnaill ni huru mno. Ukizitumia kama kamusi utajifunza maana zisizokuwamo.

Mpenda Sarufi
Hoja ya sauti naikubali. Lakini mbona Kiswahili sanifu hatukioni adui wa Kimvita? Mgeni huanza na sanifu, kisha anamsoma Muyaka.

Mleta mada
Kwa sababu sanifu yetu ilijengwa juu ya Kiunguja. Anayeijua akishuka Mji Mkongwe anaelewana na watu. Caighdeán ilichukua vipande vya lahaja zote tatu, na ilipotungwa hapakuwa na kijiji kilichoisema. Fungua Raidió na Gaeltachta, redio ya Kiayalandi iliyo hewani tangu 1972 na inayosikika popote kwa intaneti: kila mtangazaji anasema ya kwao. Mwanafunzi aandike kwa tahajia sanifu, hilo sina ugomvi nalo. Ila masikio yake ayapeleke mahali pamoja. Akichagua Munster, asikilize watangazaji wa Kerry, na vitabu vyake vya kwanza viwe vya Blasket vilivyochapwa upya kwa tahajia ya sasa.