UZI MAALUMU: Tupeane uzoefu wa kushona ala ya bastola kwa mkono

#1
Wakuu, uzi huu ni wa wanaojifunza kazi ya ngozi nyumbani na wanataka kushona ala ya bastola inayovaliwa mkandani. Tuweke vipimo, hatua na makosa. Kila anayeandika aseme kinachoharibika na sababu yake, maana anayeanza akijua sababu hatahitaji kuuliza tena.

Naanza na sharti lisilo na mjadala. Toa magazini, fungua chemba, tazama ndani na uguse kwa kidole, kisha peleka risasi chumba kingine kabla hujagusa ngozi. Bora zaidi tumia bastola ya bandia ya plastiki ngumu yenye vipimo vya ile halisi. Haishiki kutu, na unaweza kuiacha ndani ya ngozi iliyolowa bila wasiwasi.

#2
Kosa la kwanza la wengi ni ngozi yenyewe. Ala inataka ngozi ya ng'ombe iliyosindikwa kwa magome ya miti. Hiyo ndiyo hulowa, ikafinyangwa, ikakauka na kubaki na umbo. Ngozi ya kromu, ile laini ya mabegi na makochi, hata uiloweke siku nzima itarudi kulegea, na chumvi zilizobaki ndani yake zinaweza kula chuma.

Unene: milimita 3 hadi 3.5 kwa ala ya nje ya suruali. Kwa ile ya ndani ya suruali, 2.4 hadi 2.8 inatosha. Wauzaji wengi hutaja aunsi; aunsi moja ni karibu milimita 0.4, kwa hiyo wakisema aunsi 8 wanamaanisha milimita 3.2.

Chukua sehemu ya mgongo au bega. Ngozi ya tumbo huvutika bila mpangilio, na ala yake hulegea mapema. Kunja pembe ya ngozi, uso ukiwa ndani: ikitoa mikunjo mikubwa iliyoachana na nyama ya chini, iache. Nyuzi zake hazikushikana.

#3
Mkuu #2 umemaliza habari ya ngozi. Mimi niongeze kipimo, maana ala nyingi huharibikia kwenye karatasi kabla sindano haijashikwa.

Kwa ala ya vipande viwili (mbele na nyuma, bastola katikati), laza bastola kwenye karatasi ngumu na uchore ukingo wake penseli ikiwa wima kabisa. Penseli ikilala ndani unapoteza milimita mbili, ikilala nje unaziongeza. Kisha tafuta mstari wa mshono hivi: nusu ya unene wa bastola, jumlisha unene wa ngozi. Bastola ya milimita 28 na ngozi ya 3 inatoa 14 + 3, yaani mshono ukae milimita 17 nje ya mchoro, kila upande. Ukingo wa ngozi uwe milimita 8 hadi 10 kupita mshono.

Hapa ndipo watu huteleza: unene wa bastola si mmoja. Kinga ya triga ni nyembamba kuliko sehemu ya juu, kwa hiyo pima hapo peke yake na usogeze mshono karibu zaidi. Ukitumia kipimo kimoja kuzunguka kote, bastola itacheza upande wa triga au itabana upande wa juu.

Mambo mawili ya kukagua kwenye karatasi. Ngozi ifunike kinga yote ya triga, pande zote mbili. Na vidole vitatu vya chini viweze kuzunguka mpini vizuri bastola ikiwa bado ndani. Ngozi ikipanda mno chini ya kinga, mtu ataanza kuchomoa kwa ncha za vidole, na bastola itamponyoka.

#4
Matundu ya mkanda yawe na ukubwa gani? Mkanda wangu ni milimita 38.

#5
Urefu 40, upana 5 au 6 kulingana na unene wa mkanda. Usikate pembe za mraba, ngozi huchanikia hapo. Toboa tundu la duara kila mwisho, halafu unganisha kwa kisu kikali na rula ya chuma. Kata matundu kabla ya kushona, na lainisha kingo zake mapema kwa sababu baadaye hutazifikia vizuri.

#6
Gundi na mshono.

Kwaruza pande za nyama (upande wa ndani wa ngozi, usio laini) kwa msasa pale zitakapokutana tu, paka gundi ya viatu pande zote mbili, subiri dakika 10 hadi 15 mpaka isishike kidole, ndipo ubandike na kugonga kwa nyundo yenye uso laini. Ukibandika ikiwa bado mbichi, vipande huteleza na matundu ya mkanda hayaonani tena. Gundi isivuke mstari wa mshono kuingia ndani, itagusa bastola.

Chora mfereji wa mshono ili uzi ulale chini ya uso na usisuguliwe. Nafasi za mishono ziwe milimita 4. Karibu zaidi ya 3 unageuza ngozi kuwa stempu: itachanika kwa kufuata matundu. Toboa kwa msharasi wenye ncha ya umbo la almasi, ukiwa umeuinamisha kidogo, na uhakikishe unatoka upande wa pili ndani ya mstari. Kwa milimita 6 za ngozi mkono hupotea haraka. Mwenye keekee ya kusimama na atumie ncha ya milimita 1.

Urefu wa uzi una hesabu yake. Kila mshono uzi hupita unene wa milimita 6 na kutembea 4, jumla 10 kwa kila hatua ya 4. Ni mara mbili na nusu, na sindano ziko mbili, moja kila mwisho wa uzi, zikipishana kwenye tundu lilelile, kwa hiyo ni mara tano ya urefu wa mshono. Ongeza sentimita 40 za kushikia. Uzi wa kitani au poliesta wa milimita 0.8 hadi 1, uliopakwa nta.

Sindano ya kushoto ikitangulia, itangulie mwanzo hadi mwisho. Ukibadili njiani mshono unapinda, na huwezi kuuficha. Maliza kwa kurudi nyuma mishono mitatu.

#7
Kufinyanga. Maji ya vuguvugu, chovya ala iliyoshonwa sekunde 10 hadi 20, toa vipovu vinapopungua. Usianze papo hapo! Subiri uso uanze kurudia rangi yake ya ukavu huku ndani kukiwa bado na ubaridi. Ngozi iliyojaa maji haishiki alama, huinuka tena ukiondoa kidole.

Juu ya kilengeo cha mbele bandika kwa utepe kijiti cha mbao cha milimita 6, kianzie kwenye kilengeo hadi nyuma. Hicho kinaacha njia. Bila njia hiyo kilengeo kitakwaruza ngozi kila ukichomoa na kutoka na vumbi lake.

Ingiza bastola, finyanga kwa vidole, halafu kwa mfupa laini au mpini wa kijiko cha plastiki. Kata kucha kwanza, kila alama ya ukucha itabaki. Bana zaidi mbele ya kinga ya triga na kwenye dirisha la kutolea maganda. Hapo ndipo ala inapoishika bastola. Ndani ya kinga, nyuma ya triga, usisukume ngozi. Ngozi haitakiwi kuigusa triga hata kidogo.

Toa bastola, tundika ala kwenye hewa inayopita kwa saa 24. Anayetaka kuikausha kwa joto asivuke nyuzi 50 za Selsiasi. Ngozi yenye maji ikipata moto mwingi huanza kunywea na kukatika kama biskuti.

#8
Mkiona madoa meusi au ya bluu baada ya kulowesha, si ukungu. Ni chuma kimegusana na tanini, ile dawa ya magome iliyosindika ngozi. Hata vumbi la msasa wa chuma mezani linatosha. Maji ya limau huyafifisha yakiwa mapya. Suuza baada yake.

#9
Kuhusu rangi: paka ala ikiwa imekauka kabisa, kabla ya nta au mafuta. Palipodondokewa na gundi patabaki peupe, kwa hiyo kagua mapema. Rangi ya spiriti hukausha ngozi; siku ya pili pitisha mafuta ya kwato za ng'ombe, koti moja jembamba. Ukizidisha, ala uliyoihangaikia kuikaza inalegea.

Kingo: msasa 120, 220, kisha 400, punguza kona, lowesha kidogo, sugua kwa kipande cha mbao au turubai mpaka zing'ae. Zikibaki na manyoya, maji yalikuwa machache au msasa ulirukwa.

#10
Majaribio, bastola ikiwa tupu. Geuza ala mdomo chini na utikise: isianguke. Ikibana mno, funga bastola tupu kwa mfuko mwembamba wa plastiki, iingize na uiache usiku mmoja. Usiongeze mafuta.

Usiifanye ala kuwa kabati la bastola. Ngozi hunyonya unyevu, na tanini ni asidi; chuma kitapata kutu upande usioonekana.

Na kagua mdomo wa ala kila mara, hasa ile ya ndani ya suruali. Ngozi ikichoka hukunjika kuelekea ndani, na mkunjo huo unaweza kuingia kwenye kinga na kusukuma triga wakati wa kurudisha bastola. Tangu mwanzo shonea kipande cha pili cha ngozi kuzunguka mdomo, upana wa milimita 25 hivi. Mdomo ukianza kufumba hata hivyo, kata ala hiyo vipande ili asije mwingine akaiokota na kuitumia.