Tupeane uzoefu: umefunga breki mwenyewe nyumbani, pedeli ikabaki laini

Wa Maweni
Habari za jioni jamaa. Niko Malindi, naendesha Probox ya kubebea samaki kutoka Ngomeni. Jumamosi nilikaa chini ya mwembe nikabadilisha breki padi za mbele na shuu za nyuma kwa mikono yangu, asubuhi nzima. Kila kitu kiliingia sawa. Sasa pedeli: nikikanyaga mara ya kwanza inashuka karibu na sakafu, nikikanyaga ya pili harakaharaka inapanda na kushika. Nimetoa hewa magurudumu yote manne, nimemaliza lita nzima ya mafuta ya breki, povu halionekani tena, na hali ni ileile. Kesho kutwa natakiwa Ngomeni alfajiri. Aliyepitia haya aseme.

Mtoto wa Barani
Hewa hiyo. Toa tena.

Mzee wa Spana, Muyeye
"Toa tena" si jibu, mwanangu. Aulizwe ametoaje. Masta silinda ya gari hilo, ile pampu inayosukumwa na pedeli, iko upande wa dereva, kwa hiyo unaanza gurudumu la mbali: nyuma kushoto, halafu nyuma kulia, mbele kushoto, unamalizia mbele kulia. Mmoja yuko ndani, mmoja yuko kwenye nipo, ile skrubu ya kutolea hewa nyuma ya gurudumu. Wa ndani anakanyaga na kushikilia, wa nje anafungua, mafuta yanatoka, anafunga, ndipo wa ndani anaachia. Mguu ukiachia kabla nipo haijafungwa, umeivuta hewa mwenyewe kurudi ndani. Na kikopo cha mafuta pale juu kikaguliwe kila baada ya mara tano sita. Kikikauka mara moja tu, kazi yote umeanza upya.

Tuktuk Majengo
Mzee, kwa heshima, mimi huanza mbele na breki zangu ziko sawa miaka yote.

Mzee wa Spana, Muyeye
Una magurudumu matatu, ami. Tunazungumza gari.

Tuktuk Majengo
Pikapu ya kaka yangu nayo ina matatu? Nimeitoa hewa mimi, nikianza mbele. Inabeba mbao mpaka leo.

Bi Kakoneni
Msigombane. Magari mengine mabomba yake yamepita kwa mshazari, mbele kulia na nyuma kushoto laini moja, na mpangilio wake ni mwingine. Kitabu cha gari ndicho kinachosema.

Mama Asubuhi
Nimesoma "inapanda ya pili" nikaweka simu chini kwanza. Hayo maneno niliyasema mimi. Nilimwambia mama yangu: ukipampu inapanda, hakuna shida.

Kalipa zangu za mbele, zile zinazobana padi, zilikuwa zimeshika kutu, nikanunua jozi iliyotumika. Mimi na mdogo wangu wa kiume tukazifunga uani. Tulitoa hewa mpaka mafuta yakatoka safi kama maji ya dafu. Pedeli ikawa ya kupampu mara mbili tatu, kisha inashika. Tukazunguka uani, gari likasimama. Tukazunguka mtaani, likasimama. Siku ya pili kukawa na msiba Mambrui, nikampakia mama nyuma, na chupa ya chai, na kapu la mahamri.

Mnajua barabara inavyoshuka kuelekea daraja la Sabaki. Mbele yangu kulikuwa na lori tupu linarudi Gongoni kupakia chumvi, likapunguza mwendo. Nikakanyaga. Mguu ukaenda mpaka kwenye zulia. Nikapampu, ukaenda tena. Ya tatu ikashika kidogo kama unakanyaga mto wa sufi, na lori linakua tu kwenye kioo. Nikatoa gia ya nne nikaingiza ya pili kwa nguvu, injini ikalia, nikavuta handibreki, nikauelekeza usukani kwenye mchanga kushoto. Tulisimama bampa iko ndani ya kichaka. Injini imezima, vumbi linaingia madirishani, na mguu wangu bado unapampu. Juu, chini, juu, chini. Sikuweza kuusimamisha. Chai ilikuwa imemwagikia leso ya mama, naye hakulia wala hakupiga kelele. Alisema tu, "Fungua mlango, mwanangu, tutatembea."

Fundi aliyekuja kutoka Mambrui alilala mchangani akatazama nyuma ya tairi chini ya dakika moja. Akaniita niiname. "Nipo yako inatazama chini." Tulikuwa tumebadilishana: kalipa ya kulia tumeifunga kushoto na ya kushoto kulia. Zinafanana, bolti zinaingia bila shida yoyote. Lakini hewa hukaa juu. Nipo ikiwa chini inatoa mafuta safi tu na hewa imebaki kule juu imejikalia. Ungemwaga pipa zima, usingeona povu. Ndugu wa Maweni, nakuomba, nenda na tochi sasa hivi ukatazame nipo zako.

Mtoto wa Barani
Subhanallah. Pole dada.

Pwani Tamu
Mama hakuumia?

Mama Asubuhi
Kifundo cha mkono kilivimba kidogo. Mazishi tuliyakuta.

Ali wa Gede
Ndiyo maana nasema kila siku, breki mwachieni fundi. Rangi paka mwenyewe, taa badilisha mwenyewe, breki hapana.

Bi Kakoneni
Ali, mimi gari langu nililipeleka gereji, nikalipa, nikapewa na risiti. Waliongeza mafuta ya gia ya otomatiki kwenye kikopo cha breki. Mipira yote ya kuzuia mafuta yasivuje ikavimba. Breki zikashika zenyewe njiani, magurudumu yakawa yanatoa moshi. Nilibadilisha mipira ya masta, ya kalipa, ya silinda za nyuma, na hozi. Anayejua anachofanya ndiye fundi, awe gereji au uani.

Ali wa Gede
Hao si mafundi.

Bi Kakoneni
Nilijuaje kabla?

Msafiri wa Mokowe
Nami niongeze la huku kwetu. Kisiwani Lamu hatuna haja ya gari, langu hulala Mokowe karibu na maji, wiki mbili, tatu. Chumvi inakula kila kitu. Niliwahi kutoa hewa kwa kukanyaga pedeli mpaka chini kabisa, kama wengi wanavyofanya. Masta ya zamani, mipira yake imezoea kutembea sehemu moja ya silinda miaka yote. Ukiisukuma mpaka mwisho inaingia kwenye kutu ambako haijawahi kufika, inachanika. Baada ya hapo pedeli ikawa inashika, lakini nikiikanyagia kwa utulivu inazama polepole, polepole, mpaka chini, na nje hakuna tone. Hiyo ilikuwa masta, haikuwa hewa. Siku hizi naweka kipande cha mbao chini ya pedeli.

Na mafuta ya breki yananywa unyevu hewani. Chupa mliyofungua mwaka jana, na joto la pwani hili, msitumie. DOT 4, aina ya mafuta ya breki, ikiwa mpya huchemka nyuzi 230 kwenda juu, ikishanywa maji inaweza kuteremka mpaka 155. Yakichemka njiani yanatoa mvuke, na mvuke unabanwa kama hewa.

Tuktuk Majengo
Mimi nayachuja kwa kitambaa nayarudisha.

Mzee wa Spana, Muyeye
Kitambaa hakichuji maji. Usimfundishe mtu hivyo.

Kijana wa Ganda
Jamani, swali la Wa Maweni limepotea. Mama Asubuhi pole sana, stori yako nimeisoma mara mbili. Lakini yeye hakugusa kalipa, alibadilisha padi na shuu. Ndugu, nijibu moja: ile ya pili ikishapanda, ni ngumu au bado inabonyea?

Wa Maweni
Ngumu. Kama jiwe.

Kijana wa Ganda
Basi sidhani ni hewa. Hewa inabonyea hata ukipampu mara kumi. Ngumu ya pili maana yake mguu wa kwanza unatumika kuzisogeza shuu mpaka zifike kwenye dramu, ile ngoma ya gurudumu zinayoikandamiza, ziko mbali. Fanya hivi: gari tambarare, tairi zizuiwe kwa mawe, vuta handibreki mpaka juu, izisukume shuu za nyuma, halafu kanyaga. Pedeli ikiwa juu mara ya kwanza, tatizo liko nyuma. Isipobadilika, hapo ndipo urudi kwenye hewa, na ukitaka kujua ni gurudumu gani, bana hozi moja moja taratibu kwa kibanio chenye mdomo laini, usitumie koleo lenye meno. Utakayoibana pedeli ikapanda, hewa iko huko.

Mtoto wa Barani
Mimi bado nasema hewa.

Wa Maweni
Nimetoka na tochi. Kwanza nipo, maana Mama Asubuhi amenitia hofu: zote ziko juu. Nikavuta handibreki, nikakanyaga. Pedeli imesimama juu. Nimekaa kwenye kiti nimeikanyaga mara nane, siamini.

Mzee wa Spana, Muyeye
Ajasta, kile kirekebishi cha nafasi ya shuu. Shuu mpya ulizifunga ukaziacha zimejikunja. Nilipaswa kukuuliza hilo mwanzo. Pandisha nyuma kwenye jeki, weka na stendi, achia handibreki, geuza kile kigurudumu cha meno mpaka tairi isugue kidogo ukiizungusha, kisha rudisha meno machache. Pande zote mbili zisugue sawa, la sivyo litakuvuta upande.

Wa Maweni
Nimemaliza sasa, saa nne usiku. Kushoto meno kumi na moja, kulia kumi na manne. Pedeli inashika juu mara ya kwanza. Nimekwenda na kurudi uwanjani kwa gia ya kwanza, halafu ya pili, nikisimama kila hatua chache, haivuti upande. Ngomeni nitakwenda, lakini kesho naanza na barabara za mtaani kwanza. Jamani, jingine: mafuta yalidondokea mlango wa dereva tangu Jumamosi, rangi inainuka kama ngozi iliyoungua.

Bi Kakoneni
Maji mengi na sabuni, sasa hivi. Usisugue.