Mrejesho: Wale ndege wa uani kwangu, Minnesota (Marekani)

Wakuu, salaam. Novemba niliuliza hapa namna ya kulisha ndege wa porini theluji ikianguka, maana mkate niliowatupia uliishia kuganda tu. Theluji imeyeyuka, nimerudi kama nilivyoahidi.

Mkate niliacha siku ileile. Nikaweka mbegu nyeusi za alizeti, zisizokaangwa wala kutiwa chumvi, na kipande cha mafuta ya ng'ombe kwenye kikapu cha waya. Siku tatu kimya, nikaona hela yangu imekwenda bure. Ya nne kakaja kachikadii, kandege kenye kofia nyeusi: kanachukua mbegu moja, kanaruka nayo tawini, kanaibana kwa miguu na kuigonga mpaka ipasuke. Halafu kanarudi. Januari, nyuzi 25 chini ya sifuri, ndege aitwaye kadinali, dume mwekundu kama pilipili, alikaa pale akibangua taratibu; mama watoto chai ikampoa mkononi.

Aliyesema nisogeze kilishio karibu na dirisha, chini ya mita moja, ili wasijigonge kwa kasi: asante sana. Tangu hapo sijaokota hata mmoja.

Kindi wamenishinda. Mbegu nilizotia pilipili ya unga walizisusa wiki moja, wakazoea (ndege wenyewe hawasikii ukali wake). Bati la koni nimelifunga kwenye nguzo ya kilishio ili wasipande, lakini wanaruka kutoka kwenye uzio. Nguzo inatakiwa ikae kama mita 3 kutoka hapo, na uani kwangu nafasi hiyo haipo. Basi nao wanakula.