Kunitachi au Tachikawa? Dalali anasema Kunitachi tokkai haisimami

mgeni_tokyo
Wakuu habarini. Nimepata chuo Hitotsubashi, naanza Aprili, sasa hivi natafuta chumba. Dalali ananing'ang'aniza nichukue Tachikawa, kituo kinachofuata baada ya Kunitachi, anasema Kunitachi tokkai (treni ya haraka inayoruka vituo vingi) haisimami na nitajuta. Jana nikaenda Kunitachi kupaona mwenyewe, natoka mlango wa kusini nakuta kinyumba chenye paa jekundu la pembetatu kimesimama peke yake mbele ya stesheni, nikajua kanisa. Naingia ndani, watu wamekaa wanapumzika, hakuna geti wala tiketi. Kile ni nini hasa? Na mnaokaa maeneo yale, panakalika au nimsikilize dalali?

chungwa_line
Dogo, dalali hajakudanganya ila kakupa nusu ya habari. Tokkai ni kweli inapita bila kusimama, inasimama Kokubunji halafu Tachikawa. Lakini chuo chenyewe si kiko Kunitachi? Unatoka stesheni, unashuka na barabara ya katikati, kama dakika 10 kwa mguu uko chuoni. Ukikaa Tachikawa utakuwa unalipia teiki (pasi ya treni) ya kituo kimoja kwenda na kurudi, ya nini? Siku ukiwa na safari ya Shinjuku panda kaisoku (treni ya kawaida inayosimama Kunitachi), vituo viwili tu uko Kokubunji, unahamia tokkai hapohapo. Na angalia kitu kimoja, tangu Machi 2025 treni za Chuo line (ndiyo jina la reli hii, sio chuo chako) zina mabehewa 12 na mawili kati yake, la 4 na la 5, ni ya ghorofa, yanaitwa Green, yale yanalipiwa zaidi ya nauli, usione viti vizuri ukaingia tu.

dada_wa_kunitachi
Mdogo wangu hilo sio kanisa, ndiyo stesheni yenyewe ya zamani! Ilifunguliwa 1926. Lile tetemeko kubwa la 1923 liliharibu majengo ya chuo kule katikati ya Tokyo, chuo kikahamia huku, na kampuni ya ardhi ikafyeka msitu ikapima mji mpya kabisa. Hata jina ni la kuungaunga, wamechukua herufi ya kwanza ya Kokubunji na ya kwanza ya Tachikawa, ukizisoma pamoja unapata Kunitachi. 2006 reli ikawa inapandishwa juu, kile kinyumba ikabidi kibomolewe, ila hawakukitupa, mbao zilihesabiwa zikatunzwa na halmashauri ya mji miaka yote hiyo mpaka 2020 kikasimamishwa tena karibu palepale kilipokuwa. Ukirudi simama chini ya lile dirisha la nusu duara uangalie kusini, utaona barabara tatu zimetawanyika kama vidole. Ya katikati ndiyo Daigaku-dori, pana sana, miti ya sakura na ya ginko huku na huku, mwisho wa Machi hutaamini macho yako. Ya kulia ni Fujimi-dori, siku anga likiwa safi unauona mlima Fuji mwisho wa barabara. Mwaka 2024 kulikuwa na jengo la ghorofa 10 pale limebakiza kidogo tu wakabidhi wenye nyumba, watu walishalalamika muda mrefu kwamba linaziba mlima, mwisho kampuni ikatangaza inalibomoa lenyewe. Mimi huu mji naupenda kwa hilo, watu wake wanapigania muonekano wa mtaa wao kwelikweli.

chungwa_line
Dada kasema yote ya kusini. Mimi mtu wa treni naongeza kaskazini, ukivuka reli hatua chache unaingia mji wa Kokubunji, mtaa wa Hikari-cho, ile Hikari ni jina la treni ya kasi ya Shinkansen maana taasisi ya utafiti wa reli iko hapo. Kuna behewa la majaribio la 951 limewekwa pale, treni yake ilifika kilomita 286 kwa saa mwaka 1972, unaingia mpaka ndani.

baiskeli_tu
Kodi karibu na stesheni imechangamka, mimi nakushauri usogee kusini kuelekea Yaho. Bado ni Kunitachi hiyohiyo, ina stesheni yake ya reli nyingine, Nambu line, ukiwa na baiskeli Daigaku-dori ina njia ya baiskeli moja kwa moja mpaka chuo. Baiskeli iandikishe na uegeshe sehemu ya kulipia, ukiiacha ovyo mbele ya stesheni inabebwa na kuitoa ni hela. Huko pia kuna hekalu la Yabo Tenmangu (stesheni wanaiita Yaho, hekalu Yabo, usichanganyikiwe), wanafunzi wanaenda kuombea mitihani, kuku wanatembea wenyewe uani. Halafu mwambie dalali akutafutie chumba kisicho na reikin (pesa ya shukrani), hiyo pesa ukishampa mwenye nyumba hairudi, tofauti na shikikin (amana).

mgeni_tokyo
Asanteni sana wakubwa zangu, dada hasa hiyo ya mbao kutunzwa miaka yote imenigusa. Nimeshamwandikia dalali, Jumamosi ananipeleka kuona vyumba viwili Yaho, kimoja hakina reikin. @baiskeli_tu kutoka Yaho mpaka chuoni kwa baiskeli kuna vilima au ni tambarare?

baiskeli_tu
Kuna mwinuko mmoja ukiwa unatoka chini kwa hekalu, ukishaupanda tambarare mpaka chuoni. Chagua chumba cha juu ya mwinuko.